Mpaka wa Kasindi: Kufunga, Kufungua, na Ukuta Ambao Wengine Wanauomba



Katika makanisa yetu ya Butembo, Beni, Oicha, Mutwanga na Lubero, swali moja linarudi kila mara damu inapomwagika: kwa nini mpaka usifungwe? Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema serikali ingejenga ukuta, kama ule walioona kwenye televisheni Wamarekani wakiujenga kati yao na Meksiko. Swali hili si la kijinga, na anayeliuliza mara nyingi ni mtu aliyezika wake. Hatuwezi kumsomea mstari mmoja wa Biblia na kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo tumekusanya hapa mambo ambayo tunadhani kila mshirika angepaswa kuyajua kuhusu mpaka wetu na Uganda: ulitoka wapi, umefungwa na kufunguliwa kwa ajili ya nani, na nani ana haki ya kutudai kitu tunapofika kwenye bariera. Maoni yetu hatutayaficha. Kilio cha kufunga mpaka kinaomba kitu cha haki kabisa, yaani ulinzi, lakini kinakiomba mahali ambapo hakipatikani.

Mstari uliochorwa mbali

Mpaka huu haukupimwa na babu zetu. Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani walikutana Brussels wakagawana eneo hili, na mwaka 1915 Uingereza na Ubelgiji wakatia sahihi mapatano yaliyokamilisha kazi hiyo upande wetu. Walifuata vilele vya Rwenzori, wakafuata mto Semliki, wakafuata vijito kama Lubiriha, na Ziwa Edward wakalikata kwa mstari ambao mvuvi hauoni. Watu waliokaa pande zote mbili za Rwenzori walikuwa wakijiita Bayira. Baada ya mstari kupita, wa huku wakajulikana kama Wanande na wa kule kama Bakonzo. Lugha wanasikilizana, koo ni zilezile, na mpaka leo mtu wa Mutwanga anaweza kuwa na shangazi Bwera na shamba la mjomba karibu na Kasese.

Viongozi wa Afrika huru walipokutana Cairo mwezi wa Julai 1964 walikubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo. Tusiwahukumu haraka. Waliona kwamba kuifungua upya ni kuwasha vita kila kona ya bara. Lakini kuukubali mpaka ni jambo moja, na kuufanya ukuta kati ya mtu na shangazi yake ni jambo lingine.

Historia ya kanisa yenyewe ina mfano ambao vijana wetu wengi hawaujui. Mwaka 1896 mwinjilisti Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka Semliki akafika Boga kuhubiri. Wakati huo Boga ilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Mapatano ya 1910 na 1915 yakaiweka ndani ya Kongo ya Wabelgiji. Kwa karatasi, kazi ya Apolo ilikuwa imehamia nchi ya kigeni bila yeye kutembea hatua moja. Angeweza kubaki Toro, ambako alikuwa na heshima yake na wenzake. Alirudi Boga, akafanya kazi na watu wa msituni, akafa huko mwaka 1933. Kanisa la Anglikana la Kongo lina mizizi katika kazi ya mtu huyo, ambaye leo angeulizwa hati za kusafiria.

Udugu huu wa pande mbili umewahi pia kugeuzwa mashtaka. Bakonzo wa Uganda walianza harakati ya Rwenzururu mwaka 1962 wakidai kujitenga na ufalme wa Toro. Baada ya miaka mingi ya vita na msituni, serikali ya Uganda ilitambua ufalme wao mwaka 2009. Kisha mwezi wa Novemba 2016 wanajeshi na polisi walishambulia jumba la mfalme Charles Wesley Mumbere mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa. Moja ya mambo waliyotuhumiwa ni kwamba wanataka kuunda jamhuri ya Yiira itakayounganisha watu wa pande zote mbili za mpaka. Tunalitaja ili msomaji aone kwamba neno «mpaka», kwa watu wa mlima huu, lina uzito ambao mkutano wa wataalamu mjini mkuu hauusikii.

Na mstari wenyewe hautulii. Sehemu za chini za Semliki, kuelekea Ziwa Albert, mto umehama kitanda chake kwa miaka mingi: unakula ukingo mmoja na kuacha udongo kwenye mwingine. Mkulima analala katika nchi moja, na shamba lake linajikuta ng'ambo. Ziwani ni vigumu zaidi. Mwaka 2018 wanajeshi wa majini wa nchi hizi mbili walirushiana risasi kwenye Ziwa Edward, na wavuvi wetu wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanajua maana ya kukamatwa kwa sababu upepo umeusukuma mtumbwi. Anayetaka ukuta atuambie kwanza angeujenga wapi humo.

Kila upande unanyoosha kidole

Watu wa Beni na Butembo wana sababu za kutomwamini jirani. Kati ya 1998 na 2003 jeshi la Uganda lilikaa katika ardhi yetu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, ilisema wazi kwamba Uganda ilivunja sheria kwa uvamizi huo, kwa mateso waliyopata raia na kwa uporaji wa mali ya nchi. Tarehe 9 Februari 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Mzee wa Butembo anayekumbuka miaka ile hahitaji mwanasiasa wa kumchochea.

Kisha kuna ADF. Kundi hilo lilianza katikati ya miaka ya 1990 kama waasi wa Uganda, na wengi wetu tunaishia hapo: ni Waganda, walitoka kule, basi tufunge kule. Lakini tufuate hesabu ya miaka. Watu hawa wameishi katika misitu ya Kongo karibu miaka 30. Wameoa hapa, wamezaa hapa, wameteka vijana wetu na kuwafanya wapiganaji, wameingiza watu kutoka nchi kadhaa. Mauaji makubwa yaliyoanza Oktoba 2014 kuzunguka Beni, Mbau, Oicha na Eringeti yalitoka msituni, ndani ya nchi yetu. Kati ya kambi ya muuaji na nyumba ya mama wa Oicha hapakuwa na mpaka wowote wa kufunga. Ukuta wa kilomita mia kando ya Lubiriha ungemwacha mama huyo na muuaji wake upande mmoja.

Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la CEPAC huko Kasindi siku ya Jumapili, wakati wa ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu kumi walikufa na wengine wengi walijeruhiwa. Ilitokea katika mji wenye kituo cha mpakani chenye askari. Miezi mitano baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, ADF walivuka kutoka upande wetu wakashambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Watu 42 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Siku zile ilikuwa zamu ya Waganda kusema: fungeni mpaka, mauti yanatoka Kongo.

Tuliposikia maneno hayo tuliumia, kwa sababu tulijua waliosema hivyo walikuwa wamefiwa kama sisi, na walikuwa wakitusema sisi.

Jambo la ajabu ni kwamba, katika miaka hiyohiyo, mpaka ulifunguliwa kwa upana usiowahi kuonekana. Tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda yaliingia pamoja na FARDC katika operesheni Shujaa, na vifaru vikapita palepale mama mwenye kibeseni cha mayai anaposimamishwa. Mwezi wa Juni mwaka huohuo, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walikutana Mpondwe na Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara za kilomita 223: Kasindi hadi Beni kilomita 80, njia ya Beni hadi Butembo kilomita 54, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru kilomita 89. Tunaziombea barabara hizo zikamilike, na hatuna neno juu ya lami. Ila tunaona kwamba watawala wanapohitaji mpaka ufunguke, unafunguka kwa wiki moja. Mnyonge anapohitaji hivyo, anaambiwa sheria haijatungwa.

Milango inayofungwa na kufunguliwa

Hapa tungependa wasomaji wakae kidogo, maana ndipo somo kubwa lilipo. Katika miaka michache tumepitia kila aina ya kufunga.

Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kutokea Mangina. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Wakati wote huo watu walipaza sauti, hapa na ng'ambo, mpaka wa Kasindi ufungwe. Haukufungwa. Badala yake kukawekwa vituo vya kunawa mikono na kupima joto, na karibu kila mmoja wetu anakumbuka kile kipimo kilichoelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa ulivuka. Familia moja iliyokuwa upande wetu kumuuguza mkubwa wao aliyekufa ilirudi Kasese ikiwa imeambukizwa, na ilipita njia ya pembeni, si kwenye kituo. Ugonjwa ulizimwa haraka kule, na wahudumu wa afya wa pande mbili walikuwa wakipashana habari. Shirika la Afya Duniani, lilipotangaza tarehe 17 Julai 2019 kwamba Ebola ile ni dharura ya kimataifa, lilizishauri nchi zisifunge mipaka, likieleza kwamba kufunga kunawasukuma watu kwenye vivuko visivyo na mpimaji. Rwanda ilijaribu kuufunga mpaka wa Goma tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Ilidumu saa chache.

Kwa hiyo mlango uliookoa watu ulikuwa mlango wazi wenye mtu mwaminifu aliyesimama pale. Na wakati huo kila mtu alielewa kwa nini asimame kwenye foleni.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Corona, na safari hii mpaka ulifungwa kwa wasafiri, pande zote mbili, tangu mwezi wa Machi. Malori yaliendelea kupita. Mfanyabiashara mkubwa wa Butembo, mwenye kontena linalotoka Mombasa, alipata mzigo wake kwa kuchelewa. Mama wa Lubiriha, ambaye mtaji wake ni bidoni mbili za mawese na vitenge vichache, alikaa nyumbani, au akalipa kijana wa kumvusha mtoni usiku. Kwa miezi hiyo njia za panya zikawa barabara kuu, na waliozimiliki hawakutaka zife baadaye. Wengi wa mama hao ni wa vyama vya wanawake vya makanisa yetu. Sadaka ilipopungua, baadhi ya wazee wa kanisa walidhani imani imepoa.

Lakini hata ndani ya kufunga huko kulikuwa na dirisha. Mwanzoni mwa Julai 2020 Uganda iliruhusu, kwa siku tatu tu, watu waliokwama mpakani wakikimbia mauaji ya Ituri waingie kupitia wilaya ya Zombo, na zaidi ya 3,000 wakaingia. Ilikuwa ni heshima kwa ahadi ya zamani: Mkataba wa nchi za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unakataza kumrudisha mtu mpakani ikiwa kumrudisha ni kuhatarisha maisha yake. Watu wa Kamango wanaielewa ahadi hii bila kuisoma. Julai 2013 ADF waliposhambulia mji wao, zaidi ya watu 60,000 walivuka kuingia Bundibugyo katika siku chache. Uganda ingekuwa na ukuta siku ile, tungekuwa tunaandika makala nyingine kabisa.

Halafu kuna hili la sasa, ambalo ndugu zetu wa mbali hawalielewi mpaka tuwachoree ramani. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, na Goma mwishoni mwa Januari 2025. Uongozi wa mkoa ukahamia Beni. Barabara ya Butembo kwenda Goma, tuliyoipita kwenda sinodi, hospitali na chuo, ikakatika. Anayetaka kumwona mama yake mgonjwa Goma sasa anatoka Kasindi, anaingia Mpondwe, anapita Kasese, na kurudi Kongo kupitia Ishasha au Bunagana. Ametoka nje ya nchi ili afike katika mji wa mkoa wake mwenyewe. Amegongewa mihuri ya nchi ya kigeni kwa kosa la kuwa na ndugu, na akirudi nchini mwake anapokelewa na watu ambao serikali yake haiwatambui. Mapema 2025 Uganda iliifunga mipaka ya Ishasha na Bunagana, na mwezi wa Julai Rais Museveni akaamuru ifunguliwe. Kinshasa haikufurahi, na tunaielewa hofu yake, kwa sababu bariera iliyo mikononi mwa waasi inawalisha waasi. Lakini katika mabishano hayo yote hatukusikia mtu akitaja maiti zilizokuwa zikisubiri kuvushwa, wala wanafunzi waliokosa mitihani.

Juu ya hayo yote nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakuu wa nchi walitukubali Machi 2022, mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa Aprili, na Julai tukawa wanachama kamili. Katika Jumuiya hiyo itifaki ya soko la pamoja, yenye uhuru wa watu kusafiri, inafanya kazi tangu 2010. Wafanyabiashara wetu walishangilia. Kisha wakaenda Mpondwe, na malipo ya viza kati ya nchi zetu yakaendelea kudaiwa kama kwamba hakuna kilichotokea, mpaka mazungumzo mengine tena. Hatusemi Jumuiya ni bure. Tunasema mshirika asichanganye hotuba ya mkutano wa marais na kilichobandikwa dirishani pa ofisi ya uhamiaji.

Waliojaribu ukuta

Kwa ufupi, maana habari hii haina mengi. Baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab, Kenya ilitangaza mwaka 2015 kwamba itajenga kizuizi kwenye mpaka wake na Somalia, mpaka wa karibu kilomita 700. Miaka ikapita, fedha nyingi zikatumika, na zilizojengwa ni kilomita chache za uzio karibu na Mandera. Mpaka huo wenyewe ulikuwa umefungwa rasmi tangu 2011, na mashambulizi yaliendelea. Mei 2023 ikatangazwa utafunguliwa hatua kwa hatua. Mwezi wa Julai, baada ya mashambulizi mapya, ikatangazwa kungoja. Rwanda na Uganda nao waligombana, na kituo cha Gatuna kikafungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa wawili. Waliolala na njaa ni wauza viazi.

Wanaotajiwa Nehemia

Kila tunapofundisha jambo hili, mtu mmoja huinua mkono na kusema: Mchungaji, Nehemia alijenga ukuta, na Mungu alimbariki. Ni kweli. Lakini tusome hadi mwisho. Ukuta ule ulizunguka mji ulioachwa wazi kwa watu waliorudi kutoka uhamishoni. Haukukata taifa vipande viwili. Na kazi ya Nehemia ilipokwisha, kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka milango na mabawabu, na kumchagua msimamizi kwa sababu alikuwa mwaminifu na mcha Mungu. Masaa ya kufungua yakajulikana kwa wote. Ukuta bila bawabu mwaminifu Nehemia hakuuamini.

Sisi tungependa zaidi makanisa yasome Hesabu sura ya 20. Israeli wanamwomba mfalme wa Edomu ruhusa ya kupita tu. Wanamkumbusha kwamba wao ni ndugu, wanaahidi kushika njia kuu bila kugeuka mashambani, na hata maji watakayokunywa watayalipia. Edomu anatoka na upanga. Inambidi Israeli azunguke mbali. Ni nani katika Butembo asiyejikuta katika sura hiyo, akiwa na tikiti ya basi la Kasese mfukoni? Na Torati haikumruhusu Israeli kulipiza: katika Kumbukumbu la Torati 23 inamwagiza asimchukie Mwedomi, kwa sababu ni ndugu. Amri hiyo ni ngumu. Tumeihubiri Beni, na hatujui kama sisi wenyewe tumeimeza.

Tusome pia juu ya miji ya makimbilio, Hesabu 35. Ilikuwa sita, mitatu ng'ambo ya Yordani na mitatu upande wa pili. Mungu hakuweka makimbilio upande mmoja wa mto. Na katika Kumbukumbu 19 watu wanaagizwa kuitengeneza njia ya kufikia miji hiyo, ili anayekimbia asifie njiani. Serikali ina haki ya kuwa na mpaka, na Kumbukumbu hiyohiyo inamkemea anayehamisha alama ya jirani yake. Hakuna mstari katika sura hizo unaoipa serikali haki ya kuubadili mpaka kila asubuhi.

Pale bariera: nani ana haki ya kukuuliza nini

Tunamalizia na jambo la matumizi, ambalo limetuuma zaidi kuliko mjadala wa ukuta. Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma za serikali zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani mwa Kongo. Ni nne tu. Ya kwanza ni forodha, yaani duane, ambayo wakati huo iliitwa OFIDA na leo ni DGDA: inashughulika na ushuru wa bidhaa. Ya pili ni OCC, inayopima ubora na wingi wa bidhaa. Ya tatu ni DGM, ya uhamiaji, inayoangalia hati za watu. Ya nne ni huduma ya usafi na afya mpakani, ile inayopima joto na kukagua kadi ya chanjo.

Hesabu ya wanaokaa kwenye meza na kamba kati ya Lubiriha na kibao cha Uganda, msomaji aifanye mwenyewe siku ya soko. Atakuta wengi kuliko wanne. Baadhi ni watumishi halali wa serikali walio mahali pasipo pao, baadhi wana sare, baadhi wana daftari tu. Mama anayelipa mara tano kwa kikapu kimoja cha nyanya atachagua kijito usiku, na hapo hakuna DGM wa kuona nani mwingine anavuka naye. Anayetafuta mahali ambapo usalama wetu unavuja aanzie kwenye kamba hizo. Hakuna ukuta utakaozuia kile ambacho mlinzi ameuza.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya kwa parokia zetu zilizo karibu na mpaka, hasa Kasindi, Lubiriha, Nobili na Mutwanga. Orodha ya huduma nne ibandikwe kwenye mlango wa kanisa, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili mama ajue jina la kuuliza. Mshirika anayelipa adai risiti yenye jina la huduma na tarehe, na akinyimwa, aandike siku, saa na kiasi. Asigombane pale, wala asitaje jina la mtu mbele ya wengine. Karatasi hizo zipelekwe kwa mchungaji, naye azifikishe kwa kamati ya haki na amani ya jumuiya yake, isiyo na sababu ya kuogopa takwimu. Wachungaji wenzetu wa Bwera na Mpondwe wana malalamiko yao yanayofanana na yetu upande wao, na tungependa kukutana nao kabla ya mavuno ya kahawa, wakati wa msongamano. Wanaotaka kushiriki watuandikie kupitia ofisi ya parokia yao.